Hotirodi halisi ni ipi? Mjadala unaowagawa wapenzi wa magari ya kale Marekani

WAPENZI wa magari ya kale nchini Marekani wamebishana kwa miongo mingi kuhusu swali moja: je, gari la zamani likiundwa upya, litumie vipuri na ufundi wa enzi zake, au litiwe injini na mitambo ya kisasa?

Ubishi huo unahusu magari yaitwayo hotirodi. Haya ni magari ya zamani, aghalabu ya Ford yaliyotengenezwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ambayo hupunguzwa uzito na kuongezwa nguvu ili yaende kasi kuliko alivyokusudia mtengenezaji.

Mtu asiyeyajua magari haya huenda akadhani huu ni ubishi wa mapambo tu. Hata hivyo, nyuma yake kuna masuala mazito: usalama wa dereva, hatima ya magari ambayo hayatatengenezwa tena, na ufundi unaoweza kutoweka.

Chimbuko

Hotirodi zilichipuka jimboni California katika miaka ya 1930. Vijana wasio na fedha nyingi walinunua magari makuukuu ya Ford, wakang'oa madigadi na kila kitu kisichosaidia mwendo, kisha wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka kama vile Muroc na El Mirage, ambako ardhi ni tambarare na ngumu.

Mwaka wa 1932, Ford ilizindua gari lenye injini ya V8, yaani silinda nane zilizopangwa katika safu mbili mfano wa herufi V. Injini hiyo ilikuwa na nguvu za farasi 65. Ilhali injini za namna hiyo zilikuwa za magari ya matajiri, gari la wazi la Ford liliuzwa kwa bei iliyopungua dola 500. Wapenzi wa hotirodi walilibandika gari hilo jina la Deuce, kutokana na tarakimu 2 ya mwaka wake, na hadi leo ndilo kielelezo chao.

Chama cha SCTA, kinachosimamia mbio za maziwa makavu, kiliundwa mwaka wa 1937. Vita vilipomalizika, wanajeshi vijana walirejea nyumbani na mchezo huo ukashika kasi. Jarida la Hot Rod lilianza kuchapishwa Januari 1948, na mwaka uliofuata SCTA ikaandaa mashindano kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimboni Utah.

Hoja za wahafidhina

Wanaotetea mtindo wa kale husema gari linafaa kuonekana kana kwamba liliundwa na kijana wa miaka ya 1940 au 1950. Injini iwe ile V8 ya zamani ya Ford, juu yake pawe na kabureta mbili au tatu, na magurudumu ya mbele yashikiliwe na ekseli moja.

Kwao, "mwacha asili ni mtumwa". Kila bodi halisi ya mwaka wa 1932 ni kumbukumbu ya historia, na ikishakatwa hairejei hali yake. Anayetaka starehe za kisasa, wanasema, hana haja ya kuharibu gari halisi, kwa kuwa kampuni kama vile Brookville ya jimbo la Ohio huunda bodi mpya za chuma za umbo lilo hilo.

Isitoshe, kuna suala la ujuzi. Kurekebisha kabureta tatu zitoe mafuta kwa kiasi sawa, au kuziba maungio ya bati kwa risasi iliyoyeyushwa, ni kazi inayorithishwa kutoka kwa fundi hadi kwa mwanafunzi wake. Isipofanywa, hufa.

Kambi hii ilipata nguvu mwaka wa 1997, pale maonyesho ya magari ya kifahari ya Pebble Beach, California, yalipotenga kundi la hotirodi kwa mara ya kwanza. Mshindi alikuwa gari la 1932 lililoundwa na Doane Spencer.

Hoja za watetezi wa usasa

Kambi ya pili huanza na breki. Gari la mwaka wa 1932 lilisimamishwa kwa breki zilizovutwa na fito za chuma; Ford haikuanza kutumia breki za mafuta hadi magari yake ya 1939. Kuliongezea nguvu gari la namna hiyo pasipo kuliongezea uwezo wa kusimama ni kuhatarisha maisha ya dereva na ya wengine barabarani.

Tatizo lingine ni joto. Katika V8 hiyo ya kale, moshi wa moto hupitia ndani ya bloku ya injini kabla ya kutoka nje, hivyo kuyapasha maji yanayopaswa kuipoza. Kwenye msongamano wa magari, injini huchemka upesi.

Ndiyo maana, Chevrolet ilipozindua V8 yake mpya mwaka wa 1955, waundaji wengi waliikimbilia. Siku hizi wengine huweka injini zinazoongozwa na kompyuta, breki za diski na mikanda ya usalama. Kwao, kila zama na kitabu chake.

Mpaka usio wazi

Hata hivyo, mpaka baina ya kambi hizi si wazi unavyodhaniwa. Vijana wa miaka ya 1940 hawakuwa wakihifadhi ukale. Walitafuta kipuri kipya na bora walichoweza kumudu, na wengi waliyatia magari ya 1932 breki za mafuta za mwaka wa 1939. Hata Spencer alianza kulibadilisha gari lake kwa ajili ya mbio za masafa marefu nchini Mexico. Gari lililotuzwa kwa ukale wake liliundwa na mtu aliyekimbizana na usasa.

Kwa upande mwingine, watetezi wa usasa nao wana swali gumu la kujibu. Iwapo bodi, chesisi na injini vyote vimetoka kiwandani juzi, ni kitu gani cha kale kilichosalia isipokuwa umbo?

Swali hilo limefika hata kwenye sheria. California huruhusu magari 500 pekee kila mwaka, miongoni mwa yale yaliyoundwa na watu binafsi, kupimwa moshi kwa kigezo cha mwaka ambao bodi au injini yake inafanana nao. Yanayokosa nafasi hiyo huhesabiwa kuwa magari mapya.

Waundaji wengi sasa hufuata njia ya kati: umbo na injini ya kale, lakini breki za kuaminika na mikanda ya usalama. Pengine hapo ndipo ubishi unapopata suluhu. Gari halisi lililobaki zima lina haki ya kuachwa lilivyo, kwa sababu halina badala. Bodi mpya ni uwanja wa kila fundi kuonyesha ubunifu wake. Ama breki, hizo hazifai kuwa suala la mtindo katika kambi yoyote.