Karatasi za Stanley na Kurasa Zilizochanwa

Katika semina zetu tumezoea kuianza kazi ya fasihi pale ilipokwisha. Kitabu kimeshachapwa, kina jalada na jina la mwandishi, nasi tunakaa chini kuchambua fani na maudhui. Makala haya yanakusudia kurudi nyuma hatua chache, hadi kwenye madaftari na barua ambazo mwandishi hakuziandika ili sisi tuzisome. Mfano nitakaoutumia ni nyaraka binafsi za Henry Morton Stanley. Nimemchagua kwa kuwa, kabla hajaitwa mvumbuzi (neno ambalo mtu wa Ujiji ana haki ya kulicheka), alikuwa mwandishi wa habari aliyetumwa nchi za nje na gazeti la New York Herald. Tena, sehemu kubwa ya aliyoyaandika ilitokea huku kwetu, katika misafara iliyoendeshwa kwa Kiswahili.

Nianze na mtu mwenyewe, kwa ufupi. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaitwa John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini. Akakimbilia Marekani, na huko akajipa jina jipya. Katika tawasifu yake anadai kwamba tajiri mmoja wa New Orleans alimpenda, akamfanya mwanawe na kumpa jina hilo. Watafiti waliokwenda kuitafuta habari hiyo hawakuipata, na baadhi yao wanaamini kwamba hao wawili hawakuonana kabisa. Ndugu msomaji, liweke hilo akilini: tunashughulika na mtu ambaye mhusika wake wa kwanza wa kubuni alikuwa yeye mwenyewe.

Stanley alifariki London mwaka 1904. Karatasi zikabaki mikononi mwa mkewe, Dorothy Tennant. Mama huyu ndiye aliyeihariri tawasifu iliyotoka mwaka 1909, na sehemu yake ya baadaye aliiunganisha kutoka kwenye shajara na barua za marehemu. Kwa hiyo hata ile nafsi ya kwanza tunayoisoma mle ina mikono miwili. Kwa miaka mingi karatasi hizo zilikaa kwa familia huko Uingereza, na mtafiti hakuweza kuzisoma kama anavyotaka. Mwisho wa karne ya 20 zilinunuliwa na taasisi ya Ubelgiji iitwayo Wakfu wa Mfalme Baudouin, zikawekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Orodha yake ilitolewa mwaka 2005. Na kwa nini Ubelgiji? Kwa sababu tangu mwaka 1879 Stanley alimtumikia Mfalme Leopold II, akamfungulia njia na vituo katika Kongo. Kumbe hata mahali karatasi zinapolala ni sehemu ya habari yake.

Sasa hebu tuingie ndani. Mwandishi wa habari wa aina hii haandiki mara moja. Njiani ana kidaftari cha mfukoni: leo tumetembea saa ngapi, maji yalipatikana wapi, nani ametoroka na mzigo. Jioni, homa ikimruhusu, anaandika shajara. Akipata mtu wa kwenda pwani anatunga barua ndefu kwa mhariri, na hiyo ndiyo inayochapwa gazetini. Mwisho kabisa, akisharudi Ulaya, anaketi na kuandika kitabu cha kuuza. Tukio ni lile lile, ila kila ngazi ina msomaji wake, na kila msomaji anakuja na njaa yake. Anayesoma kitabu peke yake anaona ngazi ya mwisho tu. Nyaraka zinatuwezesha kuziweka ngazi zote mezani na kuuliza: hiki kiliingia lini?

Hapo ndipo tunapofika Ujiji. Dunia nzima inaijua ile salamu ya maneno manne ambayo Stanley alimpa Daktari Livingstone mwaka 1871. Imo katika kitabu chake cha mwaka 1872, na imekuwa mzaha wa watoto wa shule. Tim Jeal, aliyeruhusiwa kuzisoma nyaraka za Tervuren na kuchapisha wasifu mkubwa wa Stanley mwaka 2007, aligundua kwamba katika shajara kurasa zinazohusu mkutano huo zimechanwa. Livingstone naye, katika shajara yake iliyochapwa mwaka 1874, haitaji salamu hiyo. Anachokumbuka ni Susi kuja mbio kumwambia kwamba kuna Mwingereza anakuja, na bendera ya Marekani iliyotangulia msafara. Hata tarehe hazipatani: Stanley anasema Novemba 10, hesabu ya Livingstone inaangukia mwisho wa Oktoba. Jeal anahitimisha kwamba salamu ilibuniwa baadaye. Mtoto wa nyumba ya maskini alitaka aonekane amekutana na mkubwa mwenzake kwa utulivu wa kiungwana.

Nakubaliana naye, lakini si kwa sababu ya karatasi kuchanwa peke yake. Ukurasa uliochanwa hausemi kitu. Unasema tu kwamba kulikuwa na ukurasa. Uzito unatoka kwenye ushahidi wote kwa pamoja: ukimya wa Livingstone, tabia ya Stanley ya kujitungia maisha, na mahitaji ya gazeti lililokuwa limemlipia safari. Sisi wanafunzi tuna hatari ya kuona pengo tukalijaza kwa matamanio yetu, halafu tukaliita pengo hilo ushahidi.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ni zito kuliko salamu. Mwaka 1875, katika kisiwa cha Bumbireh kwenye Ziwa Viktoria, Stanley alipigana na wenyeji, akarudi baadaye kulipiza kisasi kwa bunduki. Yeye mwenyewe aliripoti hayo gazetini, na huko Uingereza zikapigwa kelele. Jeal, akilinganisha maandishi, anamtetea: mtu huyu alikuwa na mazoea ya kuongeza idadi ya waliouawa ili habari ichangamke, basi hakuwa mkatili kama alivyojichora. Haya, tuseme ni kweli. Hivi huo ni utetezi? Mwandishi anaketi na kalamu yake, anaona maiti hazitoshi, anaongeza. Anajua msomaji wake wa New York na London atafurahi. Kwa mwanahistoria idadi ikipungua mzigo unapungua. Kwa mhakiki wa fasihi mzigo unahama tu: unatoka kwenye bunduki na kwenda kwenye sentensi, kwa sababu ni sentensi hizo zilizosomwa na waliokuja kutugawana miaka kumi baadaye.

Tena shajara si lazima iwe kweli kuliko gazeti. Mtu anayetunza kila barua na kila daftari anajua kwamba ipo siku yatasomwa. Stanley alikuwa anatunza kila kitu, isipokuwa alichokichana.

Sasa wale wengine je? Bombay aliyeuongoza msafara wa mwaka 1871, Uledi na Manwa Sera wa safari ya 1874 hadi 1877, mtoto Kalulu aliyechukuliwa hadi Ulaya kisha akafa maji mtoni Kongo mwaka 1877: hao wamo ndani ya karatasi za Stanley, lakini karatasi zao wenyewe hakuna. Hata hivyo si wote walionyamaza. Mwaka 1876 huko Manyema Stanley alikutana na Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, akamwomba amsindikize. Na Tippu Tip alikuja kuandika maisha yake kwa Kiswahili, maandishi ambayo Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa katika lugha yetu, na inashangaza kwamba wengi wetu tunaipitia kama historia tu.

Soma hizo mbili pamoja uone. Kitabu cha Stanley kinasema malipo yalikuwa dola 5,000; Tippu Tip anasema aliahidiwa reale 7,000. Stanley anaonyesha safari kama ushujaa wake. Tippu Tip anamchora mgeni anayejisifia bunduki yake ya risasi nyingi, naye anamjibu kwa kejeli kwamba ziko pinde zinazotupa mishale mingi kwa mara moja. Hapo Mswahili ndiye mwenye nafsi ya kwanza, na mwandishi wa habari ndiye kioja. Halafu anaeleza ahadi za zawadi kubwa kubwa ambazo Stanley alimpa kabla hawajaachana. Baadaye barua ilimfikia kutoka Ulaya, na ndani yake mlikuwa na picha ya Stanley.