Dawa ya maumivu ya binadamu ni hatari kwa mbwa na paka

MKOA wa Ruvuma ndio uliotangulia nchini kuanzisha Maduka ya Dawa Muhimu, mwaka 2003. Mpango huo uliwasogezea wananchi dawa za homa na maumivu karibu na nyumbani, kuanzia Mbinga hadi Mbamba Bay na Liuli kando ya Ziwa Nyasa. Lakini vidonge hivyo ni vya binadamu, na mfugaji anayempa mbwa au paka anaweza kumpoteza.

Hasara yake si ndogo. Paka ndiye anayezuia panya wasimalize mahindi ghalani, na mbwa ndiye anayefukuza ngedere na nguruwe pori shambani.

Kwa paka, hatari kubwa ni parasetamoli. Ini lake haliwezi kuisafisha dawa hiyo kama la binadamu. Damu hushindwa kubeba hewa, ufizi hugeuka rangi ya kahawia, uso na miguu huvimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua.

Kwa mbwa, za kuogopwa ni diklofenaki na ibuprofeni. Zinapotuliza uvimbe, huondoa pia kinga ya tumbo na kupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Matokeo yake ni vidonda vya tumbo na figo kushindwa kazi.

Dawa inayofaa mbwa ni kama meloksikamu, nayo hutolewa kwa uzito: miligramu 0.2 kwa kila kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 mara moja kwa siku. Mbwa wa kilo 15 hupata miligramu 3, halafu 1.5. Kidonge cha binadamu cha dawa hiyohiyo huwa na miligramu 7.5 au 15. Kwa paka, kipimo aamue daktari wa mifugo.

Kabla ya kutoa dawa, mpime mnyama. Mzani wa magunia ya kahawa unatosha. Mpe baada ya kula, na maji yawepo. Usichanganye na dawa nyingine ya maumivu wala deksamethasoni au prednisoloni. Anayetapika, mwenye mimba au mgonjwa wa figo asipewe.

Akikataa kula, akitapika au akitoa choo cheusi, acha dawa mara moja na umwone mtaalamu wa mifugo aliye karibu, ukiwa na pakiti ya dawa mkononi.