Sheria ya litri mbili

Kila inchi ina desturi zake juu ya maduka na pombe. Pengine serikali inapima saa ya kuuzisha, pengine inapima umri wa mnunuzi. Lakini Ubelgiji ilikuwa na sheria ya ajabu zaidi. Tangu 1919 mpaka 1983, mtu akiingia dukani kuomba chupa moja ndogo ya pombe kali, mwenye duka alipaswa kumkatalia. Akiomba litri mbili ao zaidi, alipewa bila shida. Sababu gani kumnyima anayetaka kidogo na kumpa anayetaka nyingi? Tulifasirie jambo hili, kwani linatufundisha namna sheria zinavyofanya kazi.

Mbele ya vita ya 1914, wafanyakazi wa mina na wa viwanda vya Ubelgiji walizoea sana jeneveri, ndiyo pombe kali ya nafaka. Mtu alipokea mushahara wake, akapita katika bare, akaacha humo feza ya chakula cha watoto. Wakati wa vita nafaka ilikosekana, nao Wadachi waliotawala inchi walinyanganya shaba ya mitambo ya kupikia pombe. Ulevi ukapunguka. Vita ilipokwisha, wakubwa wengi waliona kwamba afazali usirudi tena.

Waziri wa Haki wakati ule alikuwa Émile Vandervelde, msosialisti, mtu asiyekunywa pombe hata kidogo. Jina lake si geni katika historia ya Kongo: katika mwaka 1909 alifika Léopoldville kumtetea mbele ya hakimu William Sheppard, mumisionere Mprotestanti wa Marekani, aliyeshitakiwa na kompani moja ya mpira sababu aliandika juu ya mateso ya watu wa Kasai. Sheppard alishinda.

Sheria ya Vandervelde ni ya tarehe 29 Agosti 1919. Ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza: pombe kali isinywewe katika bare wala mahali pengine panapoingia watu wote. Ya pili: duka lisiuzishe chini ya litri mbili kwa mara moja. Hapo ndipo siri yake. Bilauri moja ni feza kidogo, kila mtu anaweza kuilipa leo, na kesho tena. Lakini litri mbili ni feza nyingi pamoja. Mfanyakazi aliyelipwa kwa juma hakuweza kuzitoa bila nyumba yote kujua. Sheria haikufunga mulango wa duka. Ilifunga mufuko wa maskini.

Je, ilifaa? Kwa upande mmoja, ndiyo. Ubelgiji haikurudia ulevi wa jeneveri wa zamani. Haikuanguka vilevile katika shida za Marekani, ambako pombe zote zilikatazwa tangu 1920 mpaka 1933, na magengi ya wauzaji wa siri yakatajirika. Wabelgiji waliacha bia na mvinyo huru.

Kwa upande mwingine, kiu ilitafuta njia ingine. Watu wengine waliendelea kunywa jeneveri kwa siri. Wapika bia nao walijua kwamba mnywaji wa bare anatafuta kinywaji chenye nguvu, na wengi wanasema ndiyo sababu moja ya bia kali za Ubelgiji. Hata wamonaki wa Westmalle, karibu na Anvers, walitoa katika 1934 bia yao ya Tripel, yenye karibu 9,5 kwa mia ya alkoli. Kiisha, tajiri hakuguswa: alinunua litri zake mbili, akanywa nyumbani kwake kwa amani. Katika 1983 sehemu hizo zilifutwa. Siku hizi sheria inaangalia umri: ile ya 2009 inakataza kuuzisha pombe kali kwa mtu asiyetimiza miaka 18.

Australia ilijaribu njia ya saa. Tangu 1916 bare za Sydney na Melbourne zilipaswa kufungwa saa kumi na mbili ya jioni. Lakini wafanyakazi walitoka kazini karibu saa kumi na moja. Walikimbilia bare, wakanywa haraka haraka kwa saa ile moja, wakarudi kwao wakiyumbayumba. Sydney iliacha desturi hiyo katika 1955, Melbourne katika 1966.

Nasi Kongo tulikuwa na kipimo kingine. Mapatano ya Bruxelles ya 1890 yaliweka mipaka juu ya pombe kali katika Afrika, toka digrii 20 ya kaskazini mpaka digrii 22 ya kusini. Pahali ambapo watu hawakuizoea bado, isiingizwe wala isipikwe. Lakini waliruhusu kiasi kidogo kwa wale wasio wenyeji. Basi huko Ulaya sheria ilipima mufuko; huku kwetu ilipima nani ni mwenyeji na nani ni mgeni.

Padri ao katekista anaweza kuulizwa shauri na wakubwa wa kijiji ao wa mtaa: bare zifungwe saa gani, lutuku ikatazwe namna gani? Asijibu upesi. Aulize kwanza maneno matatu. Sheria hii itamgusa nani? Nani ataiponyoka? Na kiu itakwenda wapi? Mama anayepika lutuku usiku apate kulipa masomo ya watoto, akinyanganywa chungu chake bila kuonyeshwa kazi ingine, kesho atatafuta chungu kingine. Sheria njema inaweza kumsaidia mlevi kwa kumwekea jaribu mbali kidogo, na msaada huo si wa kuzarau. Lakini wanaoitunga wajue vema ni nani atakayelipa.