Shabaha ya Mwaka ya Mkusanya Sarafu

Watu wengi hudhani ya kuwa kukusanya sarafu ni kuzitia nyingi katika mkebe, basi. Mtu hupewa moja na babu yake, huokota nyingine njiani, hupata ya tatu kwa mgeni aliyetoka ng'ambo, na zote huzitupia mahali pamoja. Mwisho wa mwaka mkebe umekuwa mzito, lakini akiulizwa ana nini hasa, hana jibu ila kuutikisa. Mkusanyaji wa kweli hafanyi hivyo. Kabla mwaka mpya haujaanza, huketi akajiuliza, "Mwaka huu nataka kujua nini?" Swali hilo ndilo shabaha yake, na sarafu atakazozitafuta ndizo zitakazomjibu.

Shabaha iliyo kubwa mno ni sawa na kutokuwa na shabaha. Mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki akisema, "Mwaka huu nitapata sarafu zote zilizopata kutumika katika nchi zetu," amejitwika mzigo usiobebeka, maana fedha za nchi hizi zimebadilika mara nyingi. Ilikuwako reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Reale hiyo iliendelea kupigwa chapa miaka mingi baada ya kufa kwake, nayo ikaandikwa mwaka ule ule wa 1780. Ikaja pesa ya shaba ya Sayyid Barghash wa Unguja, yenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijra, yaani kama mwaka 1882. Wajerumani walikuwa na rupia yao, ambayo kwanza iligawanyika kwa pesa 64, kisha tangu mwaka 1904 ikagawanyika kwa heller 100. Na hapo ndipo lilipotoka neno hela, ambalo siku hizi ni jina la fedha yoyote.

Hata wakati wa vita, mwaka 1916, Wajerumani walipozuiliwa wasipate fedha kutoka kwao, walipiga sarafu katika karakana ya reli huko Tabora: nyingine za shaba, na nyingine za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo. Sarafu hiyo ya dhahabu inatamaniwa na wakusanyaji wa dunia nzima, na bei yake ni ya matajiri. Tena waongo huiigiza. Mwanafunzi anayeitia katika shabaha zake za mwaka wa kwanza amejiandalia huzuni.

Sasa na itazamwe shabaha ndogo. Tangu mwaka 1921 mpaka 1964 nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia senti kumi ya shaba yenye tundu katikati, na pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu hilo. Mpaka leo hazikosekani katika masanduku ya wazee na kwa wauzaji wa vitu vya kale, na nyingi ni za bei ndogo. Mwenye kuzitafuta anaweza kujiwekea swali moja tu: Ni majina gani yaliyoandikwa juu ya senti kumi katika muda huo wote? Jibu lake ni sarafu sita, na kila moja ina habari yake.

Ya kwanza ina jina la Mfalme George wa Tano. Ya pili ndiyo ya ajabu. Mfalme Edward wa Nane alitawala Uingereza kwa miezi isiyotimia kumi na miwili, tangu Januari mpaka Desemba mwaka 1936, akajiuzulu. Katika Uingereza yenyewe sarafu za kichwa chake hazikutolewa kwa matumizi ya watu wote. Lakini sarafu yenye tundu haina nafasi ya kichwa cha mfalme. Hutiwa taji na jina tu. Kwa hiyo senti kumi za Afrika ya Mashariki zilipigwa kwa jina lake, zikafika sokoni. Mtu aliyenunua chumvi Tabora au Kisumu aliweza kuwa na fedha ya mfalme ambaye watu wa London hawakuipata mikononi mwao. Ni vema kuangalia jina wala si mwaka peke yake, kwa kuwa ziko za 1936 zenye jina la George wa Tano pia.

Ya tatu na ya nne ni za George wa Sita. Katika zile za kwanza yamo maneno ya Kilatini yaliyofupishwa, ET IND:IMP:, maana yake, "na Kaisari wa Bara Hindi." Bara Hindi ilipata uhuru wake mwaka 1947, na katika senti kumi zilizopigwa baadaye maneno hayo hayamo. Ya tano ni ya Malkia Elizabeth wa Pili. Ya sita, ya mwaka 1964, haina jina la mfalme wala malkia, kwa sababu nchi zenyewe zilikuwa zimekwisha kujitawala.

Atakayemaliza hizo sita mapema na azigeuze atafute herufi ndogo, kama H na KN za viwanda vya Birmingham, au SA ya Pretoria. Hiyo yaweza kuwa shabaha ya mwaka wa pili.

Pamoja na kisanduku lazima liwepo daftari. Humo huandikwa siku sarafu ilipopatikana, mahali, na mtu aliyeitoa. Jambo hili hudharauliwa, nalo ni nusu ya kazi. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu chache katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile. Tano kati yake zilikuwa za Kilwa yetu, na namna zilivyofika huko haijajulikana. Isenberg alikuwa ametia alama katika ramani kuonyesha mahali alipoziokota, na kwa sababu ya alama ile wataalamu waliweza kwenda kupatafuta tena mwaka 2013. Lakini mtoto akiona sarafu ya namna hiyo katika magofu, asiichukue. Aiache palipo, akawaarifu wakubwa, kwa kuwa vitu vya kale vinalindwa na sheria.

Wala sarafu isisuguliwe kwa jivu, mchanga au limau ili ing'ae. Rangi ile nyeusi huikinga shaba, na msuguo hufuta maandishi yale yale yanayotafutwa. Ikiwa ina udongo, maji matupu yatosha, kisha iachwe ikauke juu ya kitambaa.

Desemba ikifika, huenda kisanduku kikawa na sarafu tano na nafasi moja tupu, pengine ile ya Edward. Nafasi hiyo isijazwe kwa sarafu nyingine. Hutiwa kipande cha karatasi chenye jina la sarafu inayokosekana, nayo huandikwa ya kwanza katika ukurasa wa mwaka unaofuata.