Kiingereza cha vibao vya miti: safari ya Embu na Meru

Ukipanda matatu Embu kwenda Meru, ukapita Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu, hutakosa cha kusoma njiani. Malango ya shule yana wito wake kwa Kiingereza, na ukichungulia ndani utaona vibao vimepigiliwa misumari mitini: "Aim high", "Hard work pays", "Make hay while the sun shines". Sisi Pwani tunavyo pia. Mtoto huvipita asubuhi na jioni, miaka nenda miaka rudi. Je, anajifunza maneno au amezoea rangi tu?

Nauliza kwa sababu mimi yalinifika. Baada ya kupata diploma niliitwa kwenye usaili wa kazi, nikaulizwa mbona nimefanya kazi sehemu tatu kwa miaka miwili. Nikajibu kwa fahari: "A rolling stone gathers no moss." Niliikariri shuleni, nikidhani najisifu kuwa mimi si mtu wa kulala. Wale mabwana wakatazamana. Kwa maana yake ya zamani, methali hiyo humsema asiyetulia: jiwe linalobingirika halioti kitu, na mhamahamaji hajengi. Siku hizi wako wanaoigeuza ikawa sifa, hasa Wamarekani, lakini walionikalia mbele walisomea Kiingereza cha Mwingereza. Kazi sikupata.

Na hiyo "moss" yenyewe sikuwa naijua. Niliiona miaka mingi baadaye mjini Embu, ukingoni mwa mto Rupingazi: ule ujani laini kama zulia unaoshika juu ya mawe yenye unyevu. Mtoto wa Embu anaukanyaga akienda kuteka maji. Wa Kisauni atauona wapi?

Hapo ndipo penye siri. Methali hubeba neno pamoja na mahali pake. "Hay" ni nyasi zilizokatwa zikakaushwa kwa chakula cha ng'ombe. Mwanafunzi wa Timau, kwenye baridi na mashamba ya ngano, haelezwi mara mbili kwa nini nyasi zikinyeshewa zinaoza. Sisi tungesema udongo uwahi ungali maji, maana ni lile lile, ila letu limetoka kwa mfinyanzi. Mwalimu akianza na methali anayoijua mtoto, ya Kiswahili au ya Kimeru, kisha akaleta ya Kiingereza, maana inakuwa imeshatangulia; linalobaki ni neno. (Wazee wa Kimeru, kwa njia, husimulia kuwa asili yao ni Mbwaa, ambako wengi hudhani ni upande wa Manda, Lamu. Kwa hiyo tusiwaone wageni sana. Miraa ya Maua tunaijua, lakini undugu tunausahau.)

Methali pia hukaa kichwani kwa sababu ya sauti. Katika "A stitch in time saves nine", hiyo tisa haikuhesabiwa na mtu. Imewekwa ili ifanane na "time". Lakini sauti hiyo hiyo ndiyo mtego. Enzi za KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho 2023, insha ilikuwa na alama 40, na wengi walipachika methali mwanzo na mwisho kama vitasa vya mlango. Neno likafungiwa humo. Mwulize mtoto atumie "stitch" kwenye sentensi yake, anyamaze.

Misemo ya kutia moyo ni myepesi zaidi, maneno yake ni ya leo. Ila nayo ina visiki. "Hard work pays": inamlipa nani, kiasi gani? Mtoto anayejua "pay" ni kulipa nauli anabaki njia panda, mpaka aambiwe kuwa hapo ni kuleta faida.

Mpwa wangu anasoma chuo Embu. Tulikubaliana kila wiki achukue kibao kimoja, achomoe neno moja, aniandikie sentensi mbili za maisha yake bila ile methali. Juzi akaleta "stitch". Ya kwanza, fundi amemtia mshono mmoja kwenye mkoba kwa shilingi ishirini. Ya pili, rafiki yake kaanguka na boda, kashonwa nyuzi sita kichwani.

"Mjomba," akauliza, "kumbe ya hospitali na ya fundi ni neno moja?"