Usiulize i5 au i7, Uliza Wati

Chukua mashine mbili zinazofahamika sana katika soko la kompyuta zilizotumika hapa Kenya, zile ambazo wauzaji huziita ex-UK. Ya kwanza ni laptopu, HP EliteBook 840 G3. Ya pili ni ya mezani, Dell OptiPlex 7040. Zote mbili huuzwa kwa maelezo yaleyale: Core i5, kizazi cha 6. Mnunuzi wa Lodwar au Kakuma, huko Turkana, akiyasikia maelezo hayo hudhani kwamba anachochagua ni umbo tu, ya kubeba au ya kuweka mezani.

Sivyo. Ndani ya EliteBook mara nyingi utakuta prosesa ya i5-6300U, yenye kori 2 na mwendo wa kawaida wa gigahezi 2.4. Ndani ya OptiPlex mara nyingi kuna i5-6500, yenye kori 4 na mwendo wa kawaida wa gigahezi 3.2. Zote zilitengenezwa na Intel na kuingia sokoni mwaka 2015. Kinachozitenganisha ni namba ambayo haiandikwi kwenye kibandiko: ya laptopu iliundwa kufanya kazi kwa wati 15, ya mezani kwa wati 65.

Karibu umeme wote unaoingia kwenye prosesa hugeuka joto, na joto hilo lazima litolewe. Kompyuta ya mezani ina nafasi ya kuweka kipoza joto kikubwa cha chuma na feni pana. Laptopu ina kijibomba cha shaba na feni nyembamba inayovuta hewa kupitia matundu ya chini. Ndiyo maana watengenezaji huipa prosesa ya laptopu umeme kidogo, kisha huiachia ruhusa ya kukimbia kwa muda mfupi pale inapohitajika.

Ruhusa hiyo ndiyo inayowachanganya wanunuzi. Tazama prosesa mbili za mwaka 2022: i7-1255U ya laptopu na i5-12400 ya mezani. Ya laptopu ina jina kubwa zaidi, i7, ina kori 10, na inaweza kufika gigahezi 4.7. Ya mezani ina kori 6 na haivuki gigahezi 4.4. Kwa maandishi, laptopu imeshinda. Lakini katika zile kori 10, kubwa ni 2 tu na nyingine 8 ni ndogo za kuokoa umeme. Za mezani zote 6 ni kubwa. Ukifungua barua au ukurasa wa intaneti, kazi ya sekunde chache, laptopu inaweza kutangulia kweli. Ukianza kuhariri video ya nusu saa au kucheza gemu jioni nzima, wati 15 zitazidiwa na wati 65.

Hapo ndipo Turkana inapobadilisha hesabu. Majaribio mengi ya kompyuta unayoyasoma yamefanywa katika vyumba vyenye ubaridi wa nyuzijoto 20 na kitu. Feni haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa inayovutwa. Tuseme kipoza joto cha laptopu kinaiacha prosesa ikiwa na nyuzi 60 juu ya joto la chumba inapofanya kazi nzito. Katika chumba cha Nairobi chenye nyuzi 22, prosesa itakuwa na nyuzi 82 na itaendelea na kazi. Katika chumba cha mabati Lodwar alasiri, chenye nyuzi 37, kazi ileile itaifikisha nyuzi 97. Kikomo cha i5-6300U ni nyuzi 100. Ikikaribia hapo, inajipunguza mwendo yenyewe isiungue, kama mchukuzi anayepunguza hatua jua likiwa la utosi. Laptopu nyingi za ofisini huandikwa kwamba zinafaa kutumika hadi nyuzi 35 za hewa. Mchana mwingi wa Turkana unavuka hapo.

Vumbi huzidisha tatizo. Likijaa kwenye matundu ya laptopu, feni inapiga kelele na hewa haipiti. Wasanifu wa majengo wamelitambua tatizo hili la joto. Kampasi ya Startup Lions, kando ya Ziwa Turkana, iliyokamilika mwaka 2021, ilichorwa na Diébédo Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyetunukiwa Tuzo ya Pritzker mwaka 2022. Ina minara mirefu iliyoigwa kutoka vichuguu vya mchwa wa eneo hilo. Minara hiyo hupandisha hewa moto juu na kuitoa, huku hewa mpya ikiingia kupitia nafasi za chini. Hiyo ni shule ya kazi za kompyuta, na jengo lake limefanywa sehemu ya mfumo wa kupoza. Asiye na jengo kama hilo anaweza kuanza na madogo: asiweke laptopu juu ya godoro, aisafishe feni kila baada ya miezi michache, na amwombe fundi abadilishe pesti ya kupitisha joto ya prosesa iliyokauka. Mashine ya mwaka 2016 ambayo haijawahi kubadilishwa pesti, ikibadilishwa, inaweza kurudisha mwendo wake kwa gharama ndogo sana.

Kufikia hapa kompyuta ya mezani inaonekana imeshinda. Lakini joto ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni stima.

Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, amesimulia jinsi mama yake alivyoweka akiba kwa miaka 3 hadi akapata dola 300 za kumnunulia laptopu. Ili kuichaji, alitembea mwendo wa saa 3. Kwa laptopu hiyo alijifunza kutengeneza gemu, akaunda Salaam, gemu ya mkimbizi anayekimbia vita na kutafuta maji na chakula. Kompyuta ya mezani, hata iwe na kasi mara nne, isingemfaa kitu, kwa sababu umeme wake hauwezi kubebwa.

Mji wa Lodwar kwa miaka mingi umetegemea mashine za dizeli zisizounganishwa na gridi ya taifa. Kalobeyei, karibu na Kakuma, kuna gridi ndogo za jua, na nyumba nyingi za Kakuma zina paneli zao wenyewe. Basi tupige hesabu kwa betri. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ukitaka idumu, usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Laptopu yenye prosesa ya herufi U, zile za wati 15, hula kama wati 20 pamoja na skrini. Ukitoa hasara ya inveta, hizo ni siku 3 za kazi ya ofisi. Kompyuta ya mezani na skrini yake, kwa wati 80, ni saa 6. Ukiongeza kadi ya michoro na kucheza gemu kwa wati 180, hupati hata saa 3. Na stima ikikatika ghafla, laptopu inaendelea kwa betri yake. Ya mezani inazimika na faili ambayo hukuihifadhi, isipokuwa umenunua UPS.

Kwa hiyo nani anunue nini?

Anayetaka gemu kwa kweli, na ana stima ya kutegemewa, achukue ya mezani. Katika gemu kadi ya michoro ina uzito kuliko prosesa, na OptiPlex ya mnara inaweza kupokea GTX 1650, kadi ya wati 75 ambayo matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada wa umeme. Angalia tu ukubwa wa kasha, kwa kuwa yale membamba yanataka kadi fupi. Laptopu za gemu zipo, zenye prosesa za herufi H za wati 45, lakini zikitumia betri hupungua nguvu sana, na zikiharibika zinasumbua. Prosesa ya laptopu kwa kawaida imelehemiwa kwenye ubao. Ya mezani huchomolewa na kuwekwa nyingine. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120, na kutoka Lodwar hadi Kitale, kwenye vipuri zaidi, ni kama 300. Mashine ambayo fundi anaweza kuitengeneza mwenyewe ina thamani kubwa huku.

Mwenye saiba anayeshughulikia eCitizen, iTax na kuchapisha barua hahitaji i7 wala kadi ya michoro. Amfikirie ndugu mdogo wa familia ya mezani: vikompyuta vidogo vyenye prosesa za herufi T, kama i5-8500T. Ina kori 6 kama ya kawaida, lakini kwa wati 35, na kasha lake hutumia adapta kama ya laptopu. Vinne vya namna hiyo havitishi inveta ya kawaida.

Mwanafunzi, mwandishi au anayefanya kazi za mtandaoni kutoka Kakuma achukue laptopu ya U, ila aanzie kizazi cha 8. Hapo ndipo laptopu za kawaida za i5 zilipopanda kutoka kori 2 hadi 4, bila kuongeza wati. Isitoshe, Windows 10 ilifika mwisho wa msaada wake wa kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi huanzia kizazi hichohicho cha Intel, isipokuwa prosesa chache sana.

Dukani, uliza mambo matatu kabla ya bei: kizazi, herufi ya mwisho, na wati zilizoandikwa kwenye adapta. Kisha ile pesa uliyokuwa uongeze ili upate jina la i7, itumie kununua SSD, RAM ya gigabaiti 8 na betri nzuri ya sola. Kwa joto na stima ya Turkana, hivyo vitatu utaviona kazini kila siku.