Ngazi ya Rufaa na Mfuko wa Mgonjwa: Mazingatio Kutoka Bujora

Katika kilima cha Bujora, kilomita zipatazo 20 mashariki mwa jiji la Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma, yapo Makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Wageni wengi huenda kutazama ngoma na viti vya watemi. Wachache hutua kwa muda mbele ya vifaa vya bafumu, waganga wa jadi. Vifaa hivyo hukumbusha jambo ambalo wasimamizi wa hospitali hulisahau kwa wepesi. Kabla ya zahanati, mgonjwa wa Usukumani alikuwa na tabibu aliyeujua ukoo wake, aliyemsikiliza bila kutazama saa, na ambaye malipo yake, yawe kuku, mbuzi au fedha, mara nyingi yalizungumzwa mapema, sehemu ikisubiri nafuu. Kama tiba yenyewe ilifaa ni suala jingine. Lakini uhusiano ulikuwapo, na gharama ilijulikana.

Hospitali ya leo inao ujuzi unaoweza kupimwa na kuthibitishwa. Gharama na uhusiano ndiyo mambo ambayo mgonjwa wa Bujora hukutana nayo kwa mashaka, na mashaka hayo huanzia njiani, kabla hajamwona daktari.

Bujora imo katika eneo la Kisesa, wilaya ya Magu. Kwa mujibu wa ngazi ya rufaa, mgonjwa huanzia zahanati, hupanda hadi kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, na hatimaye hospitali ya kanda. Tatizo ni kwamba jiografia haikushauriwa. Hospitali ya wilaya iko Magu mjini, mwendo wa kilomita kama 40 kuelekea mashariki, ilhali Sekou Toure, hospitali ya rufaa ya mkoa, pamoja na Bugando, hospitali ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, ziko Mwanza, nusu ya mwendo huo. Mama anayevuja damu usiku hawezi kulaumiwa kwa kuelekea magharibi. Lakini mwenye kikohozi cha siku tatu naye huelekea huko huko. Kitanda cha hospitali ya kanda, chenye madaktari bingwa nyuma yake, hukaliwa na ugonjwa ambao kituo cha Kisesa kingeumaliza kwa gharama ndogo zaidi. Kituo nacho, kwa kupitwa, hukosa mapato ya kununulia dawa. Rafu zikiwa tupu, watu huzidi kukipita. Ni duara lisilovunjwa na tangazo la redio linalowahimiza wananchi kufuata utaratibu.

Fedha ina historia yake. Kwa miaka mingi baada ya Azimio la Arusha, tiba katika vituo vya serikali ilitolewa bila malipo. Mwaka 1993 ulianzishwa utaratibu wa kuchangia gharama, ukianzia hospitali kubwa na kushuka ngazi kwa ngazi. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga, ukapata sheria yake mwaka 2001, mwaka ule ule Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi. Mfuko wa Jamii ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ilitakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa mtu wa Bujora maana yake ni hii: kadi ilimfikisha Sekou Toure, ikaishia chini ya kilima cha Bugando. Familia nyingi hugundua mpaka huo siku mgonjwa anapohamishwa, siku ambayo hakuna mwenye utulivu wa kusoma masharti.

Kuna pia suala la majira, ambalo wataalamu wa bima hulipa uzito mdogo mno. Mkulima wa pamba na mpunga huwa na fedha baada ya mavuno. Malaria humwandama wakati wa mvua na baada yake, ghala likiwa limepungua. Mwandikishaji anayebisha hodi mwezi Februari atapata ahadi. Anayefika kwenye ununuzi wa pamba atapata fedha.

Sera imewasamehe malipo wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Ni haki, na ni uungwana. Lakini glavu zilizotumika kumzalisha aliyesamehewa zilinunuliwa. Msamaha usiofuatiwa na fidia kwa kituo huhamisha deni tu: hulipwa na mgonjwa wa kitanda jirani kwa bei iliyopandishwa, au na mama mwenyewe anapoambiwa akanunue uzi wa kushonea katika duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara. Hapo msamaha umebaki kwenye karatasi, na aliyeusikia ukisomwa kwenye mkutano wa kijiji huhitimisha kwamba wahudumu wamemwibia. Muuguzi asiye na uzi ndiye anayebeba tuhuma hiyo.

Ubora na gharama hudhaniwa kuwa mahasimu, kana kwamba huduma bora lazima iwe ghali. Kidonda cha upasuaji wa kujifungua chaonyesha vingine. Mama ambaye angeruhusiwa baada ya siku chache, kidonda kikitunga usaha, hulala wodini wiki mbili au zaidi. Atahitaji dawa kali, kusafishwa kidonda kila siku, pengine kurudishwa chumba cha upasuaji; ndugu yake atalala sakafuni na kununua chakula cha mjini, na shamba litabaki na magugu. Dozi moja ya antibayotiki ndani ya saa moja kabla ya kisu kugusa ngozi, pamoja na mikono iliyooshwa sawasawa, hupunguza sana hatari hiyo kwa gharama ndogo. Kinyume chake, kuendelea kumpa dawa hizo juma zima mama ambaye kidonda chake ni safi, eti kwa tahadhari, ni kutupa fedha na kuwafundisha vimelea ukaidi.

Hospitali nyingi nchini zimejifunza pia utaratibu wa kupanga mahali pa kazi uliotoka Japani na kuanza Mbeya mwaka 2007, unaojulikana kwa maneno matano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Wapo wanaoucheka kuwa ni kazi ya kupaka rangi rafu. Lakini stoo iliyopangwa ndiyo inayoonyesha dawa itakayokwisha muda mwezi ujao, na dawa iliyokwisha muda ni fedha iliyochomwa moto, kwa maana halisi ya neno.

Limebaki dirisha la malipo. Hapo ndipo mahusiano mengi huvunjika, kwa kuwa jumla hutajwa mara ya kwanza siku ya kuruhusiwa. Afisa ustawi wa jamii huitwa wakati ugomvi umekwisha kuanza, na mara nyingine ndugu hukataliwa hata mwili wa marehemu wao mpaka deni lilipwe, jambo ambalo viongozi wa serikali wamelikemea zaidi ya mara moja. Makadirio yaliyotolewa siku ya kulazwa, hata yakiwa ya kubahatisha, huipa familia muda wa kuuza mbuzi kwa bei ya haki badala ya bei ya dharura. Tena yatolewe kwa lugha inayoeleweka: bibi aliyezoea Kisukuma huitikia kwa kichwa kila aelezwapo jambo kwa Kiswahili cha ofisini, na daktari huandika kwamba mgonjwa ameelewa.

Kisesa si mahali pasipojulikana kwa watafiti. Tangu mwaka 1994 wakazi wake wamefuatiliwa kaya kwa kaya katika utafiti wa VVU na afya ya jamii, wakijibu maswali ya wageni wenye madodoso. Kituo chao kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka vijijini, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za serikali huingia moja kwa moja katika akaunti za vituo. Kamati inaweza kuamua kesho kwamba orodha ya bei, misamaha na dawa zilizopo isomwe kwa sauti, kwa Kisukuma, kila asubuhi ya kliniki ya watoto, akina mama wakiwa bado kwenye mabenchi.